Jumanne, Saa Kumi na Moja na Nusu Jioni

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Leo nimejiandikisha katika chuo cha jamii, hapa Houston. Karani alitaka cheti cha sekondari. Nikampa cha Kidato cha Nne, ambacho kimekaa ndani ya mfuko wa nailoni tangu nilipopata bahati nasibu ya viza. Akakitazama mbele na nyuma, kisha akauliza Division Four maana yake nini. Nikamwambia ni daraja la mwisho la kufaulu. Akaandika kwenye kompyuta kwamba nimefaulu mpaka daraja la mwisho. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Fomu ya msaada wa serikali kuu iliuliza kama nina mtoto ninayemgharimia zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Ninaye mmoja, Binti. Ana miaka sita, na wakati huo alikuwa chini ya meza ya karani akila peremende za ofisi. Ruzuku ya Pell mwaka huu haizidi dola 7,395, na hairudishwi. Nilisoma hilo neno "hairudishwi" mara tatu. Kwetu kitu kisichorudishwa ni mwamvuli.

Mama yake Binti anaishi jimbo jingine na mume mwingine. Wote wawili ni watu wema, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimempigia mama, Tanga, kumpa habari. Akauliza chuo cha jamii ndio chuo gani. Nikamweleza kwamba ni chuo cha umma, ada nafuu, masomo ya miaka miwili, watu wazima wamejaa. Nikaongeza kwamba vyuo hivi si vya jana: cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi sita.

"Na hao sita walikuwa wanalea?" akauliza.

Nikasema hilo halikuandikwa. Akauliza nasomea nini. Nikasema ufundi wa viyoyozi na majokofu.

"Si ndiyo kazi uliyokuwa ukiifanya Ilala?"

Ndiyo. Miaka tisa. Lakini hapa fundi asiye na cheti haruhusiwi kugusa gesi.

"Basi umevuka bahari kwenda kufundishwa unachokijua."

Sikuona pa kumpinga. Jioni amepiga tena. Ameshawaambia majirani kwamba nasomea maendeleo ya jamii, kama wale wa chuo cha Tengeru, na ameomba nisimwaibishe. Tayari kuna mzee mmoja anataka ushauri wangu kuhusu kikundi chake cha kufuga kuku.

Jumatatu, 26 Agosti

Siku ya kwanza ya muhula, mimi na Binti kwa pamoja. Niliamka saa kumi na moja alfajiri kumsuka twende kilioni, kwa kufuata video. Mistari mitano ilikwenda kilioni. Wa sita ulighairi karibu na sikio. Binti alijitazama kwenye kioo, akaniuliza kama ninayo kofia.

Jumanne, 27 Agosti

Nina masomo manne, krediti 12. Matatu hayana tatizo. La nne ni maabara ya Jumanne, saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa tatu na dakika ishirini usiku. Shule ya Binti huwalea watoto baada ya vipindi mpaka saa kumi na mbili jioni, na kila dakika ya kuchelewa inatozwa dola moja. Ghalani ninapofanya kazi, dakika yangu ina thamani ya senti 27.

Kwa hiyo nikaenda naye maabara. Mkufunzi ni mzee wa rika la marehemu baba. Alimwamkia Binti vizuri, akampa kiti, kisha akaeleza kwamba ndani kuna moto wa kulehemu na umeme wa volti 240, na watoto hawaruhusiwi. Ana haki. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nimehudhuria dakika kumi na moja.

Kabla hatujatoka alisema nimwite kwa jina lake la kwanza. Nilijaribu njia nzima ndani ya basi. Haikutoka. Nitamwita Mwalimu.

Jumanne, 3 Septemba

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa Bukavu. Jana friji yake ilianza kulia kama mbuzi. Nikaifungua: feni inagonga barafu, na barafu imeziba njia ya maji. Kazi ya dakika arobaini, gesi haikuguswa, sheria imebaki salama. Akauliza anilipe ngapi. Nikamwambia mimi shida yangu si pesa, ni Jumanne.

"Ulete mutoto," akasema. "Mimi niko hapa kila Jumanne."

Leo nimehudhuria maabara dakika zote 230. Nimerudi saa nne usiku, Binti amekula sombe, yaani kisamvu, ameoga na amelala. Mimi nilikuwa namlaza kwa saa moja na nusu, pamoja na vitisho.

Jumatano, 11 Septemba

Asubuhi nilimwambia Binti nitamfuata saa kumi. Kiswahili anakijua, saa za Kiswahili anazijua nusu. Alimtafsiria mwalimu wake neno kwa neno, na kwa hesabu zao saa kumi ikawa saa nne usiku. Mwalimu akaandika kwenye daftari, akamwonyesha mkuu wa shule, mkuu akapiga simu ghalani. Ghalani hawakunipata kwa sababu nilikuwa nimeshatoka kwenda kumchukua.

Nilipofika saa kumi kamili niliwakuta wanawake wanne wamesimama mlangoni. Binti alikuwa ameshapewa blanketi.

Jumanne, 17 Septemba

Somo la leo lilihusu sheria ya hewa safi. Kuachia gesi ya jokofu hewani kwa makusudi ni kosa tangu mwaka 1992. Mwalimu akauliza, kwa upole, kama kuna mtu darasani aliyewahi kufanya hivyo. Nikanyoosha mkono. Nikageuka kuwatazama wenzangu. Ulikuwa mkono mmoja tu.

Faini hufika makumi ya maelfu ya dola kwa siku moja. Nilianza kupiga hesabu ya miaka tisa ya Ilala pembeni mwa daftari. Nilisimama nilipofikia bei ya mtaa mzima.

Vilevile nimegundua kwamba kitabu nilichonunua kwa mtu kinaisifu R-22 kuwa gesi ya kutegemewa. Uzalishaji wake nchini humu ulikoma 2020. Inayoitwa mpya darasani ni R-410A, na nayo kuanzia Januari haitatiwa kwenye viyoyozi vipya vya nyumbani. Mwenye kitabu alinipunguzia dola tano, nami nikamshukuru.

Alhamisi, 26 Septemba

Mabegi yetu ni ya rangi moja. Yalikuwa na bei nzuri yakinunuliwa mawili.

Saa nne asubuhi nilifungua langu kwenye chumba cha kujisomea nikatoa mwanasesere mmoja, ndizi moja na kitabu cha kuhesabu mpaka ishirini. Wakati huohuo Binti, mbele ya darasa lake, alifungua lake akatoa geji ya kupimia gesi na mipira yake mitatu. Ilikuwa siku ya kila mtoto kuleta kitu na kukieleza. Kwa mujibu wa mwalimu wake, alieleza kwamba baba hupimia baridi, na kwamba bluu ni upande wa chini na nyekundu ni upande wa juu. Yuko sahihi. Wanafunzi wawili wa darasa langu bado wanabadilisha.

Ndizi niliila.

Jumapili, 29 Septemba

Kazi ya mchoro wa mkondo wa gesi ilitakiwa iingizwe kwenye mtandao wa chuo kabla ya saa sita usiku wa jana. Nilimaliza kuchora saa tano na nusu, juu ya meza ileile ambayo Binti alichorea mchana. Nikapiga picha, nikatuma ikiwa imebaki dakika moja, nikalala usingizi wa mtu mwadilifu.

Mwalimu amejibu asubuhi: "Kuku mzuri. Kompresa siioni." Amenipa mpaka Jumatano.

Jumanne, 8 Oktoba

Wenzangu watatu sasa wanamwita mkufunzi "Mwalimu." Wanadhani ni jina lake la ukoo. Mmoja ameandika juu ya karatasi ya jaribio: Bwana Mwalimu. Yeye hajawasahihisha, na mimi si mtu wa kuanzisha maneno.

Usiku Binti kaniuliza: "Baba, juu ya nini unakuyaka usiku?" Nikamwambia kwa Kiswahili cha Tanga tunasema "kwa nini unarudi usiku." Akasema sawa, lakini juu ya nini?

Jumanne, 15 Oktoba

Jirani yangu anafua mashuka ya hoteli. Wamembadilishia zamu, na Jumanne sasa anaingia saa kumi jioni. Alikuja kunieleza mwenyewe, amesimama mlangoni, anaona aibu kana kwamba hoteli ni yake.

Sikwenda maabara. Nilikaa jikoni nikapiga hesabu. Nina utoro wa siku mbili, ukihesabu ule wa dakika kumi na moja. Zikifika nne naondolewa kwenye somo. Na ili ruzuku iendelee, chuo kinataka niwe nimefaulu angalau asilimia 67 ya krediti nilizojiandikisha. Nikipoteza somo moja kati ya manne nabaki na 75. Nikipoteza mawili, 50. Kwa hiyo ninaruhusiwa kuanguka mara moja. Kwa mtu anayelea peke yake, mara moja ni wiki hii.

Binti aliniona na kikokotoo, akaniuliza kama ananisaidia. Anajua kuhesabu mpaka ishirini.

Jumanne, 22 Oktoba

Nilimwomba kijana mmoja wa ghalani anikalie na mtoto, akakubali, akachelewa. Nilifika chuoni maabara imeshaanza. Kabla ya kuingia nikasimama kwenye mashine ya vitafunwa iliyo korido ya chini, ambayo kila Jumanne hunichukulia dola moja na robo na kufikiri. Huwa naisubiri nimeegemea mlango wa pembeni.

Leo mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Nikaingia kinyumenyume.

Ndani kulikuwa na dada wa makamo nyuma ya meza. Ilikuwa ofisi ya wanafunzi wenye watoto. Bango lake limebandikwa mlangoni, kwenye usawa wa mgongo wangu.

Alinikalisha, akanieleza. Kuna fedha za serikali kuu zinazovisaidia vyuo kulipia malezi ya watoto wa wanafunzi wa kipato cha chini. Kuna foleni, nimekuwa wa kumi na nne. Chini ya ghorofa hiyohiyo kuna kabati la chakula kwa wanafunzi. Kisha akaniuliza swali moja: "Mkufunzi wako anajua kwamba unalea peke yako?"

Nikasema alimwona mtoto siku ya kwanza.

"Kumwona mtoto siyo kuambiwa," akasema.

Wakati wa kuondoka alinipa pakiti kubwa ya nepi. Nikamwambia wangu ana miaka sita. Akasema chukua tu, watu huzaa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwalimu. Niliandaa hotuba ya dakika tano yenye salamu, historia na radhi. Nilifika kwenye salamu. Akasema maabara hiyohiyo ipo Alhamisi asubuhi, na meza tatu ziko wazi.

"Mbona hukuniuliza Agosti?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilikolelewa mimi, shida za nyumbani haziingii darasani. Zinavuliwa mlangoni kama viatu. Na ratiba aliyopanga mwalimu ni kama mvua: unajisitiri, huipangi wewe. Nimekaa miezi miwili nikijisitiri mbele ya mlango uliokuwa wazi, na mwingine niliouegemea.

Baada ya hapo mambo yalisogea kama kete za bao. Msimamizi wa ghala amekubali nifanye Jumamosi badala ya Alhamisi. Jumamosi jirani yupo nyumbani. Binti ameambiwa kwamba Jumanne baba atakuwepo. Akauliza kama hiyo ina maana hakuna sombe.

Jumapili, 3 Novemba

Usiku wa leo Wamarekani wamerudisha saa nyuma. Tofauti na Tanga ilikuwa saa nane, sasa ni saa tisa. Mama hupiga akishaswali adhuhuri na kula, saa saba mchana, ambayo kwangu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kuamka. Leo simu imelia saa kumi alfajiri.

Nimemweleza. Amesema yeye hajagusa saa yake.

Jumanne, 5 Novemba

Leo ni uchaguzi. Shule ya Binti imefungwa kwa kuwa jengo lake ni kituo cha kupigia kura. Mimi ni mkaazi tu, kura sina, ila mtoto wa kukaa naye ninaye. Nimeomba ruhusa ghalani.

Nilikuwa na mtihani wa mtandaoni unaosimamiwa na kamera. Nilimpa Binti katuni, maji, biskuti na onyo. Taarifa ya programu iliyomfikia Mwalimu inasema: dakika ya 9, mtu wa pili ameonekana. Dakika ya 10, mtahiniwa anazungumza lugha isiyotambulika. Dakika ya 14, mtahiniwa ametoweka. Dakika ya 17, mtu wa pili amekaa kwenye kiti cha mtahiniwa. Dakika ya 18, mtu wa pili anaimba.

Safari hii sikusubiri. Nilimwandikia Mwalimu kabla hajaniandikia. Amejibu kwamba nitarudia mtihani Alhamisi, chini ya usimamizi wake, na akauliza kama mtu wa pili ni yule wa kuku.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya kushukuru. Jirani ametualika. Kulikuwa na bata mzinga kwa heshima ya nchi na sombe kwa heshima yetu. Binti wa jirani amejifungua wiki iliyopita. Nikatoa ile pakiti ya nepi. Wote wakanisifu kwa kufikiria mbali.

Jumanne, 10 Desemba

Nimefanya mtihani wa cheti cha gesi. Una sehemu nne, kila moja maswali 25, na kila moja inataka upate angalau 18. Sehemu ya msingi nimepata 22. Friji ndogo, 25: Ilala nzima ilikuwa pale. Mitambo ya shinikizo la juu, 19. Ya shinikizo la chini, 18.

Binti aliisoma karatasi kwa kidole. Namba 25 hakuifika, lakini 18 aliitambua.

"Baba, kwa nini hapa umepata 18?"

"Kwa sababu walitaka 18."

Mama naye nimempigia. Amefurahi, amemshukuru Mungu, halafu akauliza kama sasa ninaweza kumpigia yule mzee wa kuku.

Ijumaa, 13 Desemba

Matokeo ya muhula yametoka. Masomo manne nimefaulu yote, asilimia 100 ya krediti, ingawa alama za juu si nyingi na kuna moja nimeipita kwa kuinama. Hakuna somo lililonishinda kwa ugumu wake. Kilichokaribia kunitoa chuoni ni saa nne za Jumanne jioni, na kilichonirudisha ni friji ya jirani, mlango niliouegemea na swali ambalo lingechukua dakika mbili mwezi Agosti.

Ofisi ya korido ya chini imeandika: nimepanda foleni, sasa ni wa tisa.

Ratiba ya Januari nayo imetoka. Maabara ya muhula wa pili ina kundi moja tu: Jumanne, saa kumi na moja na nusu jioni.

Nimemwandikia Mwalimu leo hii, kabla ya chakula cha usiku. Binti ameongeza kuku chini.